Barua ya kufunga muhula wa kwanza: kwa wazazi, walezi, na hasa kwa babu na bibi

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Korogwe, Tanga.
Juni

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE, MUHULA WA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeandika "Mzazi/Mlezi" kwa sababu ndivyo barua za shule zinavyoandikwa, lakini hapa kwetu huo mkwaju katikati unaficha mengi. Siku ya kikao cha Aprili nilisimama mbele nikatazama madawati: kanga, bakora, miwani iliyofungwa kwa uzi. Wengi waliokuja kusikia habari za mtoto wa darasa la pili au la tano walikuwa bibi na babu. Baba yuko Dar es Salaam, mama yuko Segera anauza chakula kwa abiria wa mabasi, mtoto yuko kwa bibi. Kwa hiyo najua barua hii itasomwaje. Mtoto atakaa kwenye kigoda, ataisoma kwa sauti, na bibi atasikiliza huku akipeta maharage. Mwanangu unayesoma, soma polepole na usiruke mistari, hata ile inayokuhusu wewe.

Bibi, babu, shikamooni.

Ya ofisi niyamalize kwanza. Shule inafungwa Ijumaa saa sita mchana, na tarehe ya kufungua mwezi Julai imebandikwa kwenye ubao wa matangazo na kuandikwa juu ya taarifa ya maendeleo ya kila mwanafunzi. Darasa la saba wana mtihani wa taifa Septemba. Hesabu bado zinatusumbua, Kiswahili kimepanda. Elimu bila malipo ipo tangu Januari 2016, ila mahindi ya uji hayajimwagi yenyewe sufuriani: tulikubaliana kikaoni, na ambao hawajaleta wanajijua, nami nawajua. Mwisho, mto Pangani una mamba. Nalisema kila likizo, na kila likizo kuna anayekutwa akioga.

Sasa niseme lililonikalisha mezani usiku huu.

Mnafahamu kwamba mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, umekuja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni somo zuri. Mwezi Machi mwalimu wa darasa la nne aliingia ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa, akasema: "Mwalimu Mkuu, nimefundisha mada ya uaminifu wiki mbili. Wameinakili yote. Jaribio wamepata tisa, kumi. Na wiki hii hii kalamu zangu tatu zimeibwa darasani." Tulicheka, halafu tukaacha kucheka.

Yeye ndiye aliyetoa wazo la kumwita babu. Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi kutajwa. Ni babu wa mmoja wa watoto wa darasa hilo, mwenye miaka themanini na kitu, aliyetoka Songea kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mwaka 1961. Alikuja asubuhi na kisu chake, kamba, na mzigo wa majani ya mkonge uliobebwa na mjukuu, ambaye siku hiyo alitembea kama mtoto wa diwani.

Alianza na neno manamba. Watoto wakacheka, maana huku kwetu ukimwita mtu manamba umemtukana. Babu akasubiri wamalize. Akawaeleza kwamba kila aliyeletwa kwa mkataba alipewa namba, na asubuhi iliitwa namba, hapakuwa na jina. Kisha akaitaja yake, tarakimu moja moja, bila kufikiri. Hakuna aliyecheka tena. Akaeleza kipande: kadi ya siku 30, ukimaliza kazi ya siku unawekewa alama, usipomaliza hupati alama, na mshahara hauonekani mpaka kadi ijae. Wapo waliomaliza kadi moja kwa miezi miwili.

Mwalimu, ili asionekane mgeni, akaongeza la kitabuni: kwamba mkonge si mmea wa hapa, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida kupitia Hamburg, na kati ya miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai. Babu akauliza, "Hiyo 62 nani aliihesabu?" Mwalimu hakuwa na jibu. Babu akasema, "Basi alihesabu vizuri, maana mpaka leo mnaitaja."

Halafu akawapa kazi. Fungu moja ni majani 30. Watoto wakagawanyika makundi, wakaondoa miba ya ncha, wakahesabu, wakafunga. Kundi moja la wavulana lilimaliza mapema mno. Mmoja wao (bibi yake anasomewa barua hii sasa hivi, kwa hiyo nitamstahi) akasema, "Babu, letu tayari, 30." Babu hakubisha wala hakukunja uso. Alikata kamba, majani yakamwagika sakafuni, akasema, "Tuhesabu wote." Darasa zima likahesabu kwa sauti, likaishia 28. Kimya. Yule mvulana akanong'ona kwamba mawili hayaonekani. Babu akakubali: kweli, hayaonekani. Akasema shambani nyapara alikuwa hahesabu mafungu yote, angechoka. Alichomoa moja tu, popote. Likipungua, siku yako yote imekwenda na kadi haina alama, na jioni unarudi kambini pamoja na wenzako waliofunga 30 na jua lile lile.

Akampa mvulana kamba mpya. Basi. Hakusema "kwa hiyo watoto wangu". Mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni ningesema dakika kumi, nikaandika na ubaoni.

Sitawadanganya kwamba kalamu zimeacha kupotea. Wiki iliyopita imepotea rula ya ubaoni, na rula ya mita moja haiingii mfukoni. Lakini nimewasikia darasa la nne kwenye foleni ya uji, wakibishana nani amepata vikombe viwili, na mmoja akasema kwa sauti nzito ya kizee, "Tuhesabu wote."

Mwezi Mei tukamwita bibi kwa darasa la tatu, aje na hadithi. Ratiba ilisema saa nne na nusu asubuhi. Bibi alifika saa nne, akakaa, akatoa ukili wake akaanza kusuka, na tulipomwambia wakati umefika akasema hasimulii. Kwao hadithi ni ya usiku. Mchana ni wa kazi, na anayesimulia mchana huota mkia. Mwalimu akanitazama mimi, mimi nikatazama ratiba. Watoto ndio waliotuokoa: waliinuka wenyewe, wakafunga madirisha, wakatundika masweta kwenye mianya ya mbao mpaka darasa likawa giza. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi. "Haya," akasema, "paukwa!" Ile "pakawa!" iliyoitikiwa ilisikika mpaka kwa mama muuza maandazi.

Hadithi ilikuwa ya sungura na fisi, na mkono wake haukuacha ukili hata mara moja. Siku zilizofuata wasichana wanne na mvulana mmoja walikuwa wakisuka wakati wa mapumziko kwa majani ya mnazi, vibaya, lakini wakisuka. Hakuna aliyewafundisha ukili. Walikuwa wamekaa karibu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Sisi walimu, nanyi wazazi, tuna haraka. Tunamwita mtoto, tunamsimamisha, tunasema naye. Babu na bibi hawasemi naye sana; wanamshikisha upande wa pili wa kamba. Mimi nililelewa na bibi yangu miaka sita na sikumbuki siku aliyonikalisha anifundishe kuwa mtu mwema. Nakumbuka sahani. Jirani alituletea mihogo, nikatumwa kurudisha sahani, nikairudisha tupu. Bibi aliponiuliza nimeweka nini, nikasema sikuweka kitu. Akachuma ndimu mbili, akanirudisha kwa yule jirani kiza kinaingia, nikagonge hodi niseme, "Bibi anasema hizi zilisahaulika." Nilisema uongo mdogo kwa amri ya bibi, kuficha aibu yangu. Mpaka leo nina umri huu, sahani ya mtu haitoki nyumbani kwangu tupu, hata kama ni chumvi ya karatasi.

Na utani. Tulipata mwalimu mgeni mwaka huu, kijana aliyekulia mjini, akaja kwangu ana wasiwasi: bibi mmoja kamfuata mwanafunzi getini anamwita "mume wangu", anamdai sabuni na kitenge. Nikamwambia akae, nikamweleza. Mjukuu ni mume, mjukuu ni mke mwenza, na bibi anaweza kumsema mtoto kwa utani lile ambalo baba akilisema litakuwa ugomvi. Yule mvulana alikuwa haogi vizuri. Baba yake angemchapa. Bibi alimwambia mbele ya wenzake kwamba anatafuta mume mwingine anayenukia. Kesho yake alikuja anang'aa.

Sasa, bibi na babu, nanyi nina maneno yenu, na nayasema kwa heshima. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto msimfunge wala msimpige. Anaandika vizuri na sisi tumemwacha. Msichana wa darasa la tano akibakizwa nyumbani kwa sababu kuna kuchota maji na kaka yake akaja shule, hilo si malezi ya zamani, ni hasara ya sasa. Na watu wakisema "huyu kalelewa na bibi", wana maana ya mtoto anayedeka, asiyeosha hata kikombe chake. Najua wengi wenu mliwabana wanenu kama chuma na sasa kwa wajukuu mmelainika kama siagi. Nawaelewa. Lakini kikombe aoshe.

Wewe mzazi uliyeko mbali, utaletewa picha ya barua hii kwenye simu, basi isome mpaka hapa. Mtoto si mzigo wa kuteremsha stendi na kuagiza konda. Ukimpeleka kwa bibi likizo hii, mpeleke na unga, sabuni, mafuta na sukari. Bibi hawezi kufundisha ukarimu kwa chungu kitupu huku anawaza kesho atampikia nini. Na ukipiga simu, usiombe tu "nipe mtoto". Msalimie na mama yako kwanza. Mtoto anasikiliza unavyoongea naye, na hilo nalo ni somo.

Walio na watoto mjini, ambao babu na bibi wako huku: waleteni, hata wiki moja. Simu ya kuchezea michezo ibaki na mwenyewe. Atachoka siku mbili za kwanza, atalalamika choo, atalalamika mbu (chandarua kije naye). Siku ya tatu atakuwa juu ya mwembe.

Kazi ya likizo mwaka huu ni ndogo, na wale wanaopenda kununua mitihani ya kurudufu watanisamehe. Kuanzia darasa la tatu, kila mtoto atamuuliza babu au bibi maswali matatu, na kuandika majibu kwenye daftari la Historia ya Tanzania na Maadili. Hapa tunapoishi paliitwaje ulipokuwa mdogo, na kulikuwa na nini? Ulifanya kazi gani ya kwanza, na ulilipwa nini? Ulikosea nini ulipokuwa na umri wangu, na ulirekebishwaje? Hilo la tatu, bibi, jibu kweli. Tumewasikia watoto wakisema kwamba wazee wote walikuwa hawakosei kabisa utotoni, na darasani hakuna anayeamini.

Asiye na babu wala bibi aliye hai amwendee mzee wa jirani, na aende na kuni au ndoo ya maji, asiende mikono mitupu. Wale ambao babu zao walitoka Songea, Njombe, Burundi au Msumbiji kwa ajili ya mkonge, waandike na safari ilivyokuwa. Miaka ya sitini nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, hakuna iliyotushinda duniani, na waliokata majani yale bado wapo wachache wamekaa barazani kwenu. Darasa la tatu na la nne watasoma majibu yao wiki ya pili ya Julai, na madirisha tutayafunga.

Siku ya kufungua kila mtoto aje na ufagio, jembe kwa wavulana na wasichana wa darasa la tano kwenda juu, na kipande cha chini cha barua hii kikiwa kimesainiwa na mtu aliyekaa naye likizo. Mwaka jana watoto kadhaa walisaini wenyewe kwa sababu bibi hajui kuandika na waliona aibu kusema. Dole gumba linatosha. Asiye na wino nyumbani amlete bibi ofisini asubuhi ya siku hiyo. Kidau kiko mezani kwangu, na chai ya saa nne ipo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu

- - - - - - - - - - - - - - - - - - - -

Jina la mwanafunzi: ........................ Darasa: ............

Nimesomewa barua hii yote / Nimeisoma yote.

Saini au dole gumba la aliyekaa na mtoto: ........................

Yeye ni (babu, bibi, mzazi, mwingine): ........................