Risala ya Washona Magunia wa Nakuru kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bi. Mwenyekiti, wazee wa soko, mabibi na mabwana,

Karibu Nakuru. Umetukuta kazini, na ukirudi nyumbani na uzi kwenye koti usitulaumu. Hapa hatoki mtu bila uzi.

Wazee wetu walishona magunia ya juti na ya katani, katani ya mkonge kama ule wa Mogotio. Gunia tupu la juti lilikaribia kilo moja, likilowa lilioza, na panya alilipenda. Polipropilini, plastiki ya magunia ya siku hizi, ilianza kutengenezwa viwandani mwaka 1957, na taratibu ikalisukuma juti kando. Chembechembe zake huyeyushwa zikawa utando, utando ukachanwa vipande vyembamba kama ukindu, vikavutwa hadi vikakaza, kisha vikafumwa kwa mtambo wa duara. Ndiyo maana gunia hili halina mshono ubavuni. Hebu pitisha kidole, mheshimiwa.

Adui yake ni jua. Mwaka jana tulianika magunia juu ya bati tukayasahau msimu mzima. Mama mmoja wa mahindi akanunua sita. La kwanza lilipoinuliwa kwenye mkokoteni likachanika kama gazeti, kilo 90 zikamwagika matopeni. Tulimlipa. Tangu siku hiyo kila gunia tunalichomoa uzi mmoja pembeni na kuuvuta; ukikatika kwa ungaunga, halishonwi. Na gunia la mbolea halitiwi nafaka hapa, hata mteja abembeleze vipi.

Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku. Machi 2019 ikafuata ile inayofanana na kitambaa, ambayo haikufumwa, nyuzi zake zimegandishwa tu kwa joto. Letu limefumwa, lakini si kila askari anayetofautisha, na mara mbili tumenyang'anywa mzigo.

Siku hizi wakulima wanaulizia gunia la tabaka tatu: mifuko miwili ndani, la kufumwa nje. Likifungwa sawasawa, dumuzi hukosa hewa akafa bila dawa. Tunalisifu, ila mifuko ya ndani ni ya polithini na la nje ni la polipropilini. Likichakaa, ukiviyeyusha pamoja ili vitumike tena unapata mali dhaifu, kwa hiyo lazima tuvitenganishe. Shida zaidi ni magunia yaliyogandishwa karatasi ndani, hayo hayatenganishiki. Gunia, uzi wa mshono na utando wake vingekuwa plastiki ya aina moja, likichakaa tungeliuza kwa kilo badala ya kulitupa kwenye jaa la taka la Gioto.

Maombi yetu ni matatu: kibanda chenye kivuli, cherehani mbili za magunia, maana vidole vimechoka na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na barua rasmi ya kumwonyesha askari kwamba gunia la kufumwa si mfuko uliokatazwa. Tukipewa moja tu, mheshimiwa, tupe barua. Cherehani zitangoja.

Ni sisi, washona magunia.