Mbwa wa kuokotwa naye hulinda boma

Mhariri,

Mtu akitaka mbwa siku hizi hukimbilia kununua wa bei mbaya, ilhali pale Karen, Nairobi, kituo cha KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kina mbwa waliookotwa barabarani wakisubiri wa kuwachukua. Sisi tulimchukua jike mmoja mweusi, sikio limechanika. Mwanzoni alijificha uvunguni mwa gari, hata ugali kwa matumbo hakugusa. Sasa mwuza maziwa hupigia kengele mbali na geti!

Na wale wanaotaka mbwa wa mitaani watiliwe sumu wajue kichaa cha mbwa hudhibitiwa kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, si kwa kuwaua. Anayemchukua mmoja asisahau chanjo ya kila mwaka.

Mkazi wa Rongai