Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, 2024

Madaktari wenzangu,

Shughuli za kawaida za chama chetu mnazijua: kambi za matibabu zilifanyika, wafiwa tuliwafariji, harusi tulichangia. Tulianza na Sh640,000, zikaingia Sh412,000, zikatoka Sh785,000, zimebaki Sh267,000. Maswali ya hesabu muulizeni mweka hazina.

Nije kwenye Sh360,000 za chama walizopewa wanagenzi 12, yaani madaktari wapya wanaofanya mazoezi ya kazi kabla ya kusajiliwa, maana maneno yamekuwa mengi.

Mgomo wa madaktari wa Kenya ulianza Machi 14 ukaisha Mei 8. Mkataba wa 2017 kati ya muungano wetu na serikali unampa mwanagenzi Sh206,400 kwa mwezi. Serikali ikataka kumlipa Sh70,000. Vijana wakakaa nyumbani. Mtu kasoma miaka sita, ana shahada, lakini bila unagenzi hasajiliwi, na asiyesajiliwa haruhusiwi kushika zamu hata katika kliniki ya mtaani. Mmoja alinijia ofisini na ilani ya mwenye nyumba, kaitia katika bahasha ileile ya cheti chake cha shahada.

Wapo waliosema sisi tuliingia kwa wito, hawa wanafuata mshahara. Nakataa. Niliwauliza kwa nini walichagua udaktari. Mmoja alimuuguza nyanya yake. Mwingine alipata A, akaambiwa shuleni wenye A huenda udaktari. Wa tatu alisema waziwazi kwamba wadogo zake wanamtegemea yeye kwa karo. Sioni ni yupi kati yao atakayemtibu mgonjwa vibaya. Na sisi tulipogoma siku 100, tangu Disemba 2016 hadi Machi 2017, viongozi wetu wa muungano wakatiwa ndani, nani alituambia wito umetutoka?

Inadaiwa niliamua peke yangu. Niliitisha mkutano maalum. Kati ya wanachama 94 walifika 17. Akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji, isipotimia, katiba yetu inairuhusu kamati kuamua, nayo iliamua. Waliolipa ada kamili ni 38 tu, na baadhi ya wanaolalamika kwa sauti ya juu hawana risiti hata moja ya mwaka huo. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu fedha tunazogombania zilitolewa na wachache.

Makubaliano ya Disemba kati ya muungano na serikali yamerejesha kile kiwango cha Sh206,400. Kikilipwa, wanagenzi kadhaa wameahidi kurudisha fedha walizopewa. Tunatumai, Mungu akipenda, kuanzisha mfuko wao maalum.

Ada ya 2025 inapokewa leo, mezani kwa mweka hazina.