Lebo ya aina si mlinzi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu lugha ya programu ya Python ilinishtua mahali pamoja. Mwandishi anadai kwamba ukiandika umri: int (lebo ya aina, inayosema umri ni namba kamili) ndani ya klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu, Python yenyewe itakataa kisicho namba. Haikatai. Lebo za namna hiyo zipo tangu toleo la 3.6 la mwaka 2016, na programu inapoendeshwa hakuna anayezikagua. Upe umri neno "thelathini", utapokea kimyakimya. Hata dataclass, njia ya mkato ya kuandika klasi iliyokuja mwaka 2018, hukuandikia __init__ (mbinu ya kuandaa kitu kipya) na vikorokoro vingine; ukaguzi haumo.

Mimi nilitunza programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Ukaguzi wote niliuweka kwenye __post_init__, mbinu inayofuata mara tu baada ya __init__, nikalala usingizi. Siku moja nikakuta mgonjwa mwenye umri wa -7. Aliandikishwa sawasawa kabisa. Skrini ya marekebisho ndiyo iliyomharibu baadaye, kwa mstari mmoja tu: mgonjwa.umri = -7. Na __post_init__ huitwa kitu kinapoundwa, basi.

Nikahamia kwenye @property, inayopitisha kila badiliko la sifa kwenye mbinu yake. Ilifanya kazi, ila kwa sifa kumi na mbili nilijikuta na jozi kumi na mbili za mbinu zilizofanana kama mapacha (na pacha mmoja nilisahau kumbadilisha jina). Nilichopaswa kuandika tangu mwanzo ni deskripta: klasi ndogo yenye __set__ inayokagua, na __set_name__ inayoijulisha imewekwa kwenye sifa gani. Sasa naandika umri = SiHasi(), uzito = SiHasi(), na kila thamani inapita hapo, iwe ya kwanza au ya marekebisho.

Hata hapo kuna mitego. True hupita kama namba, kwa kuwa bool (aina ya kweli na si kweli) ni mtoto wa int, hivyo mgonjwa anaweza kuwa na umri wa True. Na nan, thamani ya "si namba", ukiuliza kama iko chini ya sifuri, jibu ni hapana, nayo inapenya. Ndiyo maana nauliza "je, ni sifuri au zaidi?" na kukataa kila kisichojibu ndiyo.

Wapo watakaosema tumia Pydantic, maktaba ya kukagua data. Nzuri, naipenda, lakini usipowasha validate_assignment, mpangilio wa kukagua kila badiliko, nayo hukagua wakati wa kuunda tu. Ni -7 yangu ileile.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule. Vijana wawili ninaofanya nao kazi wameshafuta ukaguzi wao kwa kuwaamini ninyi.

Msomaji wenu, mwandaaji programu