Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka tulioanza na maji

Ndugu wanachama,

Assalamu alaikum, na karibuni nyote, hasa wenzetu wa Likoni mliodamka kuwahi feri.

Katika mkutano mkuu uliopita niliahidi kwamba chama chetu cha bustani za nyumbani hapa Mombasa kitagawa miche kwa kila nyumba iliyoomba. Ahadi hiyo haikutimia. Ni mimi niliyeiomba kamati isimamishe ugawaji katikati ya mwaka, na mna haki ya kujua kwa nini.

Msimu wa kaskazi, jua likiwa kali, nilikwenda kumtazama mwenzetu mmoja anayekaa Kibokoni. Ua wa nyumba yake ukitandika mikeka miwili umejaa. Mitungi ya plastiki tuliyompa, iliyokatwa juu na kujazwa udongo, aliipanga ukutani vizuri kabisa, na ndani yake maharagwe. Kingo za majani zilikuwa za kahawia na zimekauka, kana kwamba mtu amezipitishia moto wa kiberiti, na juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe. Dada huyu alimwagilia asubuhi na jioni bila kukosa siku hata moja, kwa maji ya kisima cha nyumbani. Nilichukua chembe ya ule ukoko nikaionja. Chumvi tupu.

Sisi ndio tuliomwambia amwagilie sana. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza maji yanatoka wapi.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, bahari pande zote, na visima vingi vina maji ya chumvi. Jua likikausha maji, chumvi hubaki kwenye udongo. Kila ndoo unayomwaga inaongeza nyingine. Ardhini mvua ya masika huisafisha, lakini chombo kisichotobolewa chini hakina pa kuitolea. Maharagwe ni mepesi sana kuungua kwa chumvi. Spinachi huvumilia zaidi. Lau tungeuliza kwanza, dada yule tungempa spinachi, mitungi yenye matundu, na ushauri wa kuisuuza mara moja moja kwa maji matamu.

Ndiyo maana tangu siku ile kamati haitoi mche kabla ya kuuona ua wenyewe. Tunauliza maji ni ya mfereji, ya kisima, ya mkokoteni au ya mvua. Tunatazama jua linaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, na kama upepo wa kusi unafika na chumvi yake ya baharini. Mche huja mwisho. Najua wapo waliochoka kungoja, nami nawaomba radhi, lakini mche unaokufa mikononi mwa mtu humvunja moyo asijaribu tena.

Kuhusu maji ya mvua, hesabu yake ni nyepesi na ningependa kila nyumba iijue. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 5 kwa 8 lina mita za mraba 40. Mvua moja ya masika ya milimita 25 inaleta lita 1,000, ukitoa kidogo inayopotea njiani. Kwa vile maji ya mfereji hukatika na mtungi wa mkokoteni hununuliwa, hayo si maji ya kuyaachia mtaro. Yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yamwageni, kisha kingeni yanayofuata.

Na kila pipa lifunikwe kwa wavu mzuri. Hili nalisema kwa mkazo. Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengi, ule wa 2013 na ule wa 2017 ikiwemo, na mbu anayeieneza huzaa katika maji yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani. Kwa joto letu, yai huweza kuwa mbu arukaye ndani ya siku kumi hivi. Sahani zinazowekwa chini ya vyungu nazo zimwagwe maji kila wiki na kusuguliwa, kwa sababu mayai hushika ukutani mwa chombo. Bustani inayowaletea majirani homa sitaitetea.

Jambo lililonifurahisha zaidi mwaka huu ni mtungi wa udongo, ule wa zamani wa kupozea maji, usiopakwa rangi. Unaufukia hadi shingoni katikati ya sanduku la mboga, unaujaza, unaufunika. Maji hujipenyeza polepole kadiri udongo unavyokauka, na mizizi huufuata mtungi yenyewe. Mzee wetu mmoja wa Majengo alifukua wa kwake mbele yetu: mizizi ya bamia ilikuwa imeuvaa kama wavu. Alikuwa akiujaza kila baada ya siku chache tu, kaskazi yote.

Wanaotaka kupanda juu ya dari wamwite fundi kwanza. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa inaweza kupita kilo 1,500, na nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za umri mkubwa. Changanyeni udongo na mboji na makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo ni mepesi na hushika maji. Makumbi yalowekwe na kusuuzwa kwanza, maana nayo huwa na chumvi. Vyombo vikae kandokando, juu ya kuta, si katikati.

Tulizuru Bamburi pia. Machimbo yale ya saruji yalikuwa mawe matupu hadi 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti. Mvinje ulishika, lakini majani yake makavu hayakuoza, yakawa yanajilundika tu. Walipoletwa jongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo ni msitu. Wanachama wawili walirudi na swali zuri: kwa nini sisi tunanunua udongo wa gari huku tukitupa maganda ya muhogo na machicha ya nazi? Sasa wana mapipa ya mboji. Machicha yafukiwe chini ya majani makavu, la sivyo panya watakuja.

Kina mama wameomba asumini, mrehani na mkilua virudi kwenye orodha ya miche, na kamati imekubali. Ua unaoweza kutoa kikuba, kile kishada cha maua na majani yanukiayo, siku ya harusi una thamani yake, hata kama hautii kitu chunguni.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Naomba mkutano uamue mawili leo: kwamba ununuzi wa kwanza wa mwaka mpya uwe mitungi ya udongo na nyavu za mapipa kabla ya miche, na kwamba dada wa Kibokoni, ambaye bado yuko nasi, awe wa kwanza kupewa.