Kwa Nini Hatufungi Mchanganyiko wa Dawa za Viungo Kwenye Bahasha

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyetumwa na nyanya yake kutoka Ahero aliondoka katika famasia yetu hapa Kisumu akisema kwamba tunawasumbua wazee. Aliomba "zile dawa za magoti" za siku kumi. Tukamuuliza nyanya ana miaka mingapi, kama anatumia dawa ya presha au ya sukari, kama amewahi kuugua vidonda vya tumbo au kupata choo cheusi kama lami, na ni lini alipimwa figo mara ya mwisho. Hakuwa na majibu, nasi hatukukubali kumuuzia zaidi ya parasetamoli. Alituambia waziwazi kwamba karibu na steji kuna mahali anapofungiwa mchanganyiko kwa shilingi 100 bila kuhojiwa, na kwamba sisi tunatafuta visingizio vya kuuza vitu ghali. Lalamiko hilo tunalisikia karibu kila wiki na linatuuma, kwa hiyo tumeona heri tueleze kwa maandishi yale tusiyoweza kueleza vizuri foleni ikiwa ndefu.

Mchanganyiko huo tunaufahamu kwa sababu wateja wenyewe hutuletea. Ni bahasha ndogo ya kaki yenye vidonge vya rangi tatu au nne vilivyomwagwa kutoka mkebe mkubwa, visivyo na jina wala tarehe ya kuisha muda, na juu yake pameandikwa 1x3 kwa kalamu. Tukivimimina kwenye sinia ya kuhesabia tunatambua diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, pengine na parasetamoli, halafu hubaki kidonge kidogo cheupe ambacho muuzaji hakukitaja. Zaidi ya mara moja tumekuta ni prednisoloni, yaani steroidi, dawa kali ya uvimbe inayofanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea, na ambayo kisheria haiuzwi bila karatasi ya daktari. Hicho ndicho kinachomfanya mzee aliyekuwa akijikokota kwenda chooni aamke siku ya pili akaenda shambani, na ndiyo maana bahasha inapendwa.

Mwalimu mstaafu mmoja kutoka upande wa Maseno alitumia bahasha hizo kwa miezi saba. Uso wake ulijaa ukawa wa mviringo, hamu ya chakula ikaongezeka, na majirani wakamsifu kwamba dawa imemkubali. Alipofika kwetu alikuwa akilalamikia kiu na kukojoa usiku kucha. Tukamtoboa kidole, mashine ikasoma sukari 19, kiwango cha juu sana. Mzee alitaka kuzitupa dawa zote papo hapo, nasi tukamsihi asifanye hivyo, kwa maana mtu aliyemeza steroidi kwa muda mrefu tezi zake huwa zimezoea kukaa bila kutengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo, na akiacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, akatapika, presha ikashuka hata akapoteza maisha. Dozi hupunguzwa polepole na daktari. Tulimwandikia barua, tukamfungia ile bahasha aende nayo hospitalini siku hiyo hiyo, na huko alilazwa siku sita. Hatusemi kwamba steroidi ni sumu, kwani madaktari huzitumia vizuri kwa baridi yabisi. Tunasema mgonjwa ana haki ya kujua anameza nini.

Diklofenaki nayo, pamoja na ndugu zake kama ibuprofeni na piroksikamu, inastahili maswali yetu yote. Dawa hizi huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, lakini kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuacha wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Mzee anayetumia enalaprili au losatani kwa presha, pamoja na dawa ya kupunguza maji mwilini, akiongezewa diklofenaki kila siku, figo zake zinaweza kuumia bila yeye kuhisi lolote. Wengine hutuomba sindano wakiamini kwamba inaliepuka tumbo. Hailiepuki, kwa sababu madhara hayo huletwa na dawa iliyo ndani ya damu, iwe iliingia kwa mdomo au kwa sindano. Mama mmoja alitufungulia kikapu chake tukakuta pakiti mbili zenye majina tofauti, moja ya zahanati na nyingine ya dukani, zote zikiwa diklofenaki, naye alikuwa akimeza zote mbili asubuhi na jioni bila chakula.

Bei yetu basi inalipia nini? Inalipia vidonge vilivyo katika pakiti yenye jina, na mfamasia anayekaa na mgonjwa hata robo saa kabla ya kuuza chochote. Kupima presha hatutozi. Mara nyingi mgonjwa huondoka na kitu cha bei nafuu kuliko alichokuja kutafuta: parasetamoli ya miligramu 500, isiyozidi vidonge nane kwa saa 24, na hata chini ya hapo kwa mzee aliyekonda au mwenye ini dhaifu, pamoja na jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Anayehitaji vidonge vya diklofenaki tunampa vya siku chache, na daktari wake akiandika omeprazoli ya kulinda tumbo tunamwomba asiiache ili kuokoa pesa. Methotrekseti ya baridi yabisi humezwa mara moja tu kwa wiki, na kuimeza kila siku kunaweza kuua. Kwa hiyo hatuitoi kabla ya kuandika siku kwa kalamu nzito juu ya boksi, na mgonjwa mwenyewe kuisoma kwa sauti. Ambaye vidole vyake havikunjiki asubuhi mpaka saa nzima ipite hatumuuzii kitulizo mwezi baada ya mwezi, bali tunamtuma kliniki, kwa sababu viungo vyake vinaharibika huku maumivu yamefunikwa.

Kijana wa Ahero bado hajarudi. Ukiyasoma haya, tafadhali njoo na kikapu chote cha dawa za nyanya, pamoja na unga wa mitishamba ikiwa anautumia, au utupigie simu ukiwa umeketi karibu naye, tumuulize yeye mwenyewe.