Tukiulizwa habari za marehemu, tuseme kweli

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na familia zinazokubali kutoa macho ya marehemu wao. Mimi ni muuguzi hapa Mombasa, na sehemu ya kazi yangu ni kukaa na wafiwa kabla kioo cha jicho, ule utando mwangavu wa mbele, hakijachukuliwa akawekewe mgonjwa, niwaulize mambo ambayo hakuna apendaye kuulizwa siku ya msiba. Aliwahi kuugua manjano? Alikuwa akijidunga? Siku za mwisho alianza kupotewa na akili? Aliumwa na mnyama yeyote?

Hilo la mwisho ndilo linalowaudhi. Kaka mmoja alinijia juu: "Sista, ndugu yangu kagongwa na gari, mbwa wametokea wapi?" Uchungu wake niliuelewa. Lakini ukimwi, homa ya ini na kaswende tunavitafuta kwenye damu, na kichaa cha mbwa hakimo katika vipimo hivyo. Kirusi chake hupita kwenye neva mpaka kikafika kwenye kioo cha jicho. Mwaka 1978, huko Marekani, mama mmoja aliwekewa kioo cha mtu aliyedhaniwa kufa kwa ugonjwa mwingine wa kupooza. Mama yule akafa kwa kichaa cha mbwa. Na kidonda cha kuumwa na mbwa kifundoni mwa mguu huweza kupona, watu wakakisahau, miezi kadhaa kabla ya ugonjwa kujitokeza.

Hata damu nayo ina mitego. Majeruhi akiongezwa damu na maji mengi, damu yake huzimuliwa, na kipimo chaweza kuonyesha hana ugonjwa ilhali anao. Ndiyo maana tunahangaikia sampuli iliyotolewa kabla hajatundikiwa chupa.

Kwa hiyo naziomba hospitali zisitosheke na mzee wa ukoo aliyekuja kutia sahihi. Mara nyingi ajuaye ni mke, au kijana aliyelala naye chumba kimoja. Huyo atafutwe, aulizwe faraghani. Nanyi wafiwa, mkisema "ndiyo, aliumwa na mnyama" au "hatujui", hatutamvunjia marehemu heshima, wala majibu yenu hayatangazwi. Kioo kile tutakiacha. Anayekingoja pengine ni mwanafunzi aliyezoea kuona ukungu ubaoni, na inaniuma kumwambia asubiri tena. Nitamwambia hivyo hivyo, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba.

Muuguzi,
Mombasa